Siku Mama Aliniita Madam

Hii habari sijawahi kuieleza yote mpaka mwisho, hata kwa ndugu yangu, kwa hivyo mkiona nikizungukazunguka kidogo mnivumilie, maana ni aibu niliyojitafutia mwenyewe na hakuna mtu mwingine wa kulaumu. Wengine wakisimulia aibu zao ni kuanguka mbele ya watu, ama nguo kuchanika kanisani. Yangu ni kwamba nilimkana mama yangu, na ukumbi mzima ulikuwa unatazama.

Mimi ni mtoto wa kambi. Ukitoka Kericho mjini kwenda upande wa Bomet, chai ya kampuni iko pande zote mbili za barabara, na huko ndani kuna nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari mistari, tunaziita laini, mabati juu, mlango mmoja, dirisha moja. Hapo ndipo nilizaliwa. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakifuata kazi, baba akafariki nikiwa darasa la nne, mama akabaki akichuma chai, na ni kwa kuchuma huko nilisoma mpaka nikapata ufadhili wa kwenda kufanya uzamili Uskoti. Pale kambini hakuna mtu anamwita mama kwa jina lake. Ni Mama Akinyi, kwa nyapara, kwa kanisa, kwa dukani. Akinyi ni mimi.

Sasa wiki ya kwanza huko chuoni tulikuwa tunajijulisha darasani, watu kumi na wawili kutoka kila pembe ya dunia, baba ya huyu balozi, mama ya yule daktari, halafu Njeri, Mkenya mwenzangu wa Nairobi, baba wakili na mama jaji (ni watu wazuri, sina ubaya nao). Ikafika zamu yangu nikasema kwetu tuko kwenye mambo ya chai. Si uongo. Lakini niliona vile walitingisha vichwa kwa heshima wakidhani tuna shamba, na nikawaacha wadhani hivyo.

Siku chache baadaye profesa wangu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, akataka kuona kama nina picha ya kuonyesha mradi wangu, maana nilikuwa ninaandika juu ya wanawake wachumaji na hizi mashine zinazoingia mashambani kuchukua kazi yao. Picha nilikuwa nayo kwa simu: mama amesimama katikati ya chai asubuhi, epron ya plastiki imelowa umande, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu, anacheka. Profesa akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikamwangalia Njeri, nikaangalia picha, nikasema, "Ni mchumaji mmoja wa kule kwetu."

Basi. Hilo tu. Nilidhani limeisha hapo, kumbe ndio lilikuwa linaanza. Profesa aliipenda ile picha mpaka akaifanya bango kubwa la kubandikwa ukutani, nikawa kila asubuhi nikienda maktaba ninapita mbele ya mama yangu anacheka, na mimi ninaangalia viatu. Halafu ikaja fomu ya utafiti, nikamwandika mama kuwa mshiriki namba tatu, na pale palipouliza kama tuna undugu nikaandika hapana. Sikusita hata kidogo, na hiyo ndiyo hunitisha mpaka leo.

Idara ikapanga siku ya wageni, na profesa akaja na wazo lake: tumpigie yule mama wa picha kwa video, watu wamsikie yeye mwenyewe, mimi nitafsiri. Ningesema hapana, ama ningesema mtandao wa kwetu ni mbaya. Lakini alikuwa amefurahi sana, nami nikasema sawa.

Jioni nikampigia mama.

"Mama, siku hiyo usiseme wewe ni mama yangu."

"Kwa nini?"

"Ni masharti ya masomo. Ukisema, kazi yangu haitakubaliwa."

"Sasa nitakuita nani?"

"Niite madam."

"Haya, nyathina," akasema, hivyo ndivyo huniita kwa lugha yetu, mtoto wangu. "Kama ndiyo sheria ya masomo, mimi siwezi kukuharibia."

Siku yenyewe ikafika, huku saa tano asubuhi, kwetu saa nane mchana. Ukumbi ulijaa, wakubwa wa chuo mbele, Njeri safu ya pili (na huyo anajua Kiswahili kuliko mimi, kwa hivyo hata kudanganya kwa tafsiri hakukuwezekana). Nikapiga simu, na mama akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. Alikuwa amevaa ile blauzi nyeupe ya kanisani na kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amekaa kwa Mama Chepkoech, jirani yetu Mkipsigis, maana simu nzuri ilikuwa yake, na nyuma niliona wanawake wengine wa laini yetu wamejipanga wanachungulia.

"Hamjambo wote," akasema. "Hujambo, madam."

Woi. Lile neno nililifundisha mwenyewe, lakini kulisikia likitoka kwa kinywa chake mbele ya watu ni kitu kingine.

Profesa akaomba aseme jina lake, nikatafsiri. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Hapo ndipo nilijua kile nilichokuwa nimefanya, maana jina lake la kila siku ndani yake niko mimi, na nilikuwa nimemkataza kunitaja. Akatafuta. Mtu mzima, mbele ya watu, anatafuta jina lake.

"Naitwa… naitwa Perpetua."

"Perpetua gani tena?" Mama Chepkoech akamkata kutoka upande. "Si useme tu Mama Akinyi! Kwani leo umeogopa nini?"

Akinyi. Hilo halikuhitaji tafsiri, maana jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ratiba mikononi mwa kila mtu. Profesa akanigeukia. Nikacheka kile kicheko cha kipumbavu nikasema Akinyi ni jina la kawaida sana kwetu. Njeri akainamisha kichwa. Na mama, ambaye Kiingereza hasikii lakini uso wangu anausoma tangu niko mgongoni, akamgeukia jirani yake kwa ukali: "Nyamaza wewe. Huyo ni mwalimu wa huko. Mimi nimemwona leo tu."

Profesa, kwa upole tu, akauliza kama ana watoto. Nikatafsiri.

"Ninao wawili," mama akasema. "Kijana ako hapa kwa kiwanda. Msichana anasoma ng'ambo." Akasogea karibu na simu mpaka uso ukajaa ukuta wote. "Madam, kama utakutana na yeye huko, mwambie avae sweta. Na ale. Siku hizi kwa simu sauti yake inakaa imechoka."

Ukumbi ukanisubiri nitafsiri. Nikashika meza, nikasema kwa Kiingereza mbele ya wote, "Huyu ni mama yangu mzazi. Huyo msichana ni mimi. Niliwadanganya nyinyi, na nilimdanganya yeye."

Mtu mmoja huko nyuma akaanza kupiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho, na wengine wawili watatu wakamfuata. Sijui kama mtu anaweza kufa kwa makofi, lakini nilikaribia. Nikageukia ukuta nikapaza sauti kwa Kiswahili, "Mama! Nimewaambia! Mama, ni mimi!" Na wakati huohuo mvua ya mawe ya Kericho ikashuka juu ya mabati ya Mama Chepkoech, mkisikia mvua ya kwetu mnajua, nikamwona mama ameweka mkono sikioni.

"Sikusikii, madam!" alikuwa anapiga kelele. "Sikusikii!"

Picha ikakatika.

Profesa hakunigombeza, ila ile fomu ilikuwa ya uongo na haikuwa na pa kujificha, kwa hivyo sura nzima ya kazi yangu ilitupwa na nikaanza upya. Nilistahili. Lakini haki ya Mungu siku hiyo sikuwa ninawaza masomo. Nilipiga simu mchana wote, haipatikani, mvua ilikuwa imeangusha stima kambini. Nilimpata kesho yake asubuhi.

"Nilijibu vizuri?" Ndilo la kwanza aliuliza, hata salamu hakungoja. "Mama Chepkoech karibu aniharibie. Hawakujua?"

"Walijua, Mama. Niliwaambia mimi mwenyewe."

Nilisikia jogoo wa jirani.

"Kumbe ilikuwa inaruhusiwa?"

Ningeweza kusema sheria imebadilika, na angeniamini. Nikamwambia ilikuwa inaruhusiwa tangu mwanzo, hakuna aliyenikataza, ni mimi niliona haya. Halafu akaniuliza kama nimevaa sweta, nikasema ndiyo nikilia, akasema haya, yeye aende kazini, wenzake wanamngoja kwa barabara.

Nimeapa sitamficha tena mbele ya mtu yeyote, na bango lile nimeliandika chini kwa mkono wangu, Mama Akinyi, mama yangu. Yeye ameshanisamehe, anasema hivyo. Lakini kuna siku nikimpigia anapokea na kusema, "Hujambo, madam," halafu anacheka, na mimi bado sijajua kama ni utani.