Mkono wa Flashi wa Mzee Tabasamu

Studio ya Mzee Tabasamu na chumba changu cha cherehani vimetenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Akipiga chafya kule, mimi namwambia pole huku. Jina hilo alipewa na wateja kwa utani: kutwa anawaambia watu watabasamu, na yeye mwenyewe uso umekunjamana kama shati lililotoka kukamuliwa.

Mkewe tulimwita Bi Taa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushika flashi. Nyinyi mliozoea kupiga picha kwa simu hamtaelewa, basi nisikilizeni. Flashi ikikaa juu ya kamera, halafu kamera ikageuzwa wima ili mtu atoke mzima toka kichwani hadi miguuni, mwanga unatokea ubavuni. Kivuli cha mtu kinajibandika ukutani kando ya uso wake, cheusi, utadhani kuna mtu kajificha nyuma yake. Flashi ikiinuliwa juu ya lenzi, kivuli kinaanguka chini nyuma ya mabega na hakuna anayekiona. Bi Taa alikuwa mfupi, kwa hiyo alipanda stuli, akainua flashi yenye waya mrefu, na mumewe akapiga. Hawakusemezana. Mzee akikohoa kidogo, Bi Taa anainua mkono zaidi. Ukumbi mzima usingejua kwamba kile kikohozi ni mazungumzo ya mtu na mkewe.

Kisha binti yao akajifungua huko mbali anakoishi, na Bi Taa akaenda kumlea mzazi. Alisema mtoto akianza kukaa tu, anarudi. Mtoto akakaa, akatambaa, akaota meno, sasa nasikia anakimbia na kuvunja vyombo. Bi Taa bado yuko huko.

Mzee akaanza kwenda kazini peke yake. Kwenye harusi ya mtoto wa mwashi nilikuwepo, maana gauni nilishona mimi. Nikamwona kasimama mbele ya maharusi, kamera usoni, anakohoa. Akangoja. Akakohoa tena, kwa nguvu kidogo. Shangazi mmoja mwenye huruma akamletea glasi ya maji. Aliyapokea akanywa, angefanyaje? Nilicheka, halafu nikajisikia vibaya.

Picha zilipotoka, mama wa bibi harusi alikuja studio na sauti yake yote. "Huyu mweusi aliyesimama nyuma ya mwanangu ni nani? Hatukumwalika!"

Alipoondoka nikaingia. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. "Nunua mkono wa flashi, jirani. Ule wa chuma unaofungwa chini ya kamera, unapanda juu na kushika flashi. Wapiga picha wote wanao."

"Wa nini?" akasema. "Mkono ninao. Umesafiri tu."

"Umesafiri sana."

"Subira huvuta heri, fundi."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Akageukia kufuta lenzi yake. Nilielewa kilichokuwa kinamsumbua, na haikuwa bei. Kununua kitu kile kulikuwa sawa na kusema kwa mdomo wake kwamba mkewe harudi. Hilo hakuwa tayari kulisema, hata kwa chuma.

Asubuhi moja akaja kuniazima sanamu langu la kupimia nguo. Alitaka kujaribu namna ya kuifunga flashi kwenye fimbo ya pazia, na hakuwa na mtu wa kumsimamisha mbele ya ukuta. Nikampa. Baadaye nikamsikia kupitia mbao, anamwambia yule mtu wa sponji asiye na kichwa: "Geuka kidogo. Hapo hapo. Tabasamu." Sikucheka safari hii. Nilizima cherehani nikakaa tu. Mtu asiachwe peke yake kiasi hicho.

Fimbo ya pazia ilishindwa, bila shaka. Ndipo akakubali twende dukani. Muuzaji akaweka mikono miwili ya flashi juu ya meza. Mmoja ulikuwa mzito, una skrubu mbili chini na kiungo katikati: ukigeuza kamera wima, unaukunja, na flashi inabaki juu ya lenzi vilevile. Kuufunga ni kazi, na kuufungua ni kazi zaidi. Wa pili ulikuwa mwepesi, wa bati jembamba, una skrubu moja ya kukaza kwa vidole.

Mzee akauliza swali moja tu. "Upi unatoka haraka?"

"Mzee wangu, wenzako huuliza upi unakaa."

"Wangu ni wa muda. Mwenyewe akirudi nautoa."

Muuzaji akanitazama mimi, nami nikatazama saa za ukutani. Tukatoka na ule mwepesi.

Ulifanya kazi vizuri, nisiseme uongo. Kivuli kilishuka nyuma ya mabega na wateja wakaanza kurudi. Lakini kamera ya harusini haitulii. Inageuzwa wima, inalazwa, inageuzwa tena, na kila ikigeuka ile skrubu ya vidole inalegea kidogo. Kwenye harusi ya mtoto wa mwenye kinu, mama alimkumbatia bintiye wakati wa kuagana, wote wawili wakabubujikwa na machozi. Mzee akainua kamera. Mkono ukalala pembeni na flashi ikamning'inia sikioni. Akapiga hivyo hivyo, kisha akahangaika kuikaza skrubu kwa vidole. Alipomaliza, mama alishafuta uso na binti alishaingia garini. Kwenye ile picha moja aliyoipata, mama ana nusu ya uso na binti hana kabisa.

Mwenye kinu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alimshika bega akasema, "Mzee, umetumika vya kutosha. Nenda nyumbani kapumzike na mama watoto."

Siku ya pili yake alikwenda dukani bila kunishtua, akarudi na ule mzito. Nilikuwa nimempelekea uji, nikamkuta ameupakata pamoja na kamera, bisibisi mkononi. Simu alikuwa ameilaza mezani na kuiachia sauti, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Bi Taa alikuwa upande wa pili.

"Umekula?"

"Nimekula." Mwongo, uji ndiyo kwanza unaingia.

"Kinachogongagonga ni nini?"

"Nafunga mkono wa flashi. Nimeacha ule wa muda, nimechukua mzito."

Kwa nyuma mtoto alikuwa anamwita bibi, bibi, bila kuchoka.

"Ule wa kukaa?" akauliza.

"Wa kukaa."

Niliuona uso wa mzee wakati ule, na ndipo nilipomwelewa. Hakununua chuma kile kwa ajili ya mwenye kinu. Alitaka mkewe akasirike. Alitaka amfokee, amwambie, ala, nafasi yangu unampa nani, kirudishe dukani haraka, nakuja. Aliacha hata kukaza, bisibisi imesimama hewani, anasubiri kugombezwa.

"Afadhali, baba," Bi Taa akasema, na pumzi ndefu ikamtoka. "Afadhali kweli. Nimekuwa sipati usingizi, sijui nitaanzaje kukwambia. Binti hajiwezi bila mimi. Na mtoto ndiyo hivyo unavyomsikia. Na mimi mwenyewe... nimezoea huku."

"Usijali, mama," akasema mzee. "Hata mimi niliona hivyo."

Wakaagana vizuri, kwa salamu zote. Simu ilipokatika akarudia skrubu yake. Ilikuwa imekaza tayari, hata mimi niliona, lakini aliendelea kuizungusha mpaka chuma kikalia.

"Taratibu, jirani. Utaikata."

"Haikatiki," akasema bila kuinua uso. "Huu ni wa miaka."