Sebene ya Mama Bolumbu

Hilaire alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kule Mangobo, mtaa wa Kisangani, na jioni alipiga gitaa katika orkestra yetu, Mapeka. Mimi, Zacharie, nilikuwa nyuma kwenye ngoma. Nasema mapema: katika habari hii mkosaji si mmoja, na nisipojitaja nitakuwa mwongo.

Diski yetu ya kwanza ilipendwa Kisangani, Kinshasa hawakuisikia kabisa. Ya pili ndiyo ingeonyesha kama sisi ni orkestra kweli au ni watu wa kupiga kwenye arusi za binamu zetu. Hilaire alihangaika mpaka akawa anatunga ubaoni huku wanafunzi wanamchungulia.

Ndipo mama mkwe wake, Mama Bolumbu, akafariki kijijini kwake Yanonge, kando ya mto. Kwenye matanga wanawake wa mtoni waliimba wimbo wao wa msiba, ule wanaomwimbia kila mama anayekufa, wakibadilisha jina tu: “Mama, samaki wako bado yuko motoni, nani atamgeuza?” Wanaume hawauimbi. Hilaire alikaa nyuma ya nyumba akilia machozi ya kweli, na vidole vyake, namjua, vilikuwa vimeshaanza kutafuta nyuzi.

Tuliporudi alimwomba mkewe, Claudine, ruhusa ya kuuweka kwenye diski.  Siku ya nne Claudine alijibu mbele yangu, anachambua pondu, yale majani ya muhogo.

“Bon, uimbe. Weka na jina ya mama. Lakini polepole, vile tunaliaka. Mutu asicheze.”

“Hakuna mutu atacheza,” Hilaire akasema. “Zacharie iko témoin.”

Nikaitikia kuwa shahidi. Kuitikia ni kazi rahisi.

Huko Kinshasa, tulikokwenda kurekodi, mwenye studio, bwana mmoja mwenye haraka zake, alisikiliza wimbo hadi mwisho, akauliza sebene iko wapi. Sebene, kwa asiyejua, ni ile sehemu ya mwisho ambapo maneno yanapungua, magitaa yanakimbia na hakuna kiuno kinachobaki kitini. Akasema wimbo usio na sebene hautoki mlangoni kwake. Hilaire aligeuka akaniangalia. Alitaka niseme hapana, kwa sababu yeye ilimshinda. Lakini mimi nilitaka diski. Nikagonga vijiti mara nne, magitaa yakaingia, na mwimbaji wetu akapandwa na furaha, akaanza kupiga kelele: “Bolumbu, zungusha! Bolumbu, tikisa!”

Diski ikapendwa. Afadhali wangeichukia! Kisangani, kutoka sokoni hadi uwanja wa ndege wa Simi-Simi, kila baa iliupiga wimbo ule, na watu walivumilia sehemu ya msiba kama wanaosubiri chakula kiive, kisha wakaruka. Wasichana walisuka nywele kwa mtindo waliouita Bolumbu. Claudine akaacha kupita barabara kubwa.

Hilaire alikuwa anajiandaa kwenda redioni kuomba waache kuupiga wimbo, ndipo kikundi cha animation, wale waimbaji na wachezaji wa chama tawala, kikauchukua. Wakatoa samaki na moto, wakaweka sifa za Kiongozi. Sasa nani angethubutu kusema wimbo usipigwe? Hilaire alirudi kwenye ubao wake, nami nikamwambia atulie, mambo yatapoa. Nilikuwa naogopa, basi.

Claudine hakugomba. Alifunga mzigo, akapanda boti kwenda kwao.

Kumfuata mke kwa wakwe huendi peke yako, unakwenda na shahidi. Hilaire akanichukua mimi, shahidi yule yule. Yanonge tulipokewa na Tonton Hubert, mjomba wake Claudine, mdogo wa Mama Bolumbu, akatupatia viti, akasema Claudine atajisemea mwenyewe. Claudine akaja, akatusalimu vizuri, kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi.

“Nimekosa,” Hilaire akasema. “Tutaenregistrer tena mu studio, polepole, vile ulisema. Sebene tutaitosha, haitakuwa tena. Rudi kwa nyumba, mama.”

Claudine alimwangalia, na sikuona hasira usoni pake. Nilitamani ningeiona.

“Mwezi ilipita tulizika mama mudogo Marthe,” akasema. “Sisi banamuke tukaanza wimbo. Ile wimbo. Tukataja jina yake. Bon, babinti ba hapa bakasimama, bakafunga bitambaa kwa kiuno, banangoja sebene. Hapana kwa ubaya. Njo vile balijifunza kwa radio.”

“Na nyinyi mulifanya nini?” Hilaire akauliza.

“Tulinyamaza. Marthe tulimuzika bila wimbo. Hatuna ingine, Hilaire. Utaenregistrer ya polepole, bon, na ile ya haraka utaitosha mu masikio ya batu namna gani?”

Hilaire hakumwomba tena arudi. Mikono yangu, ile ile iliyogonga vijiti mara nne, ilikuwa juu ya magoti, mbele ya macho ya watu wote. Nikaiondoa, nikaikalia.