Nyayo za Swala Katika Uwele wa Bibi

Niapie kwanza kwamba hutamwambia mtu, hasa mawifi zangu walioko Sepuka. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya mama, kwamba aibu hii haitatoka nje ya kijiji chetu, na leo naitoa.

Nilipokuwa mtoto, kule Mgori, nilichunga mbuzi wa baba pembeni mwa shamba la uwele la Bibi, mama yake baba. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, lakini nyayo alizisoma kwa kidole. Alinichuchumaza, akanishika mkono.

"Gusa hapa, Zaina. Huyu mbuzi. Ncha butu, vidole vimeachana, kama mtu mzembe. Gusa na hapa. Huyu swala. Mwembamba, ncha kali, anakanyaga kama anaogopa kuchafuka."

Nilishika upesi. Heri ningekuwa mjinga.

Siku moja nilinogewa na mchezo wa vijiwe, mdako, mbuzi wakaingia kwenye uwele wakala mistari miwili mizima. Fimbo ya baba ilikuwa haibagui. Nikawatoa mbuzi, nikafuta nyayo zao kwa tawi, nikakimbia kuchukua mguu mkavu wa swala ambao mjomba aliutundika ghalani. Nikapiga nyayo kutoka upande wa msitu mpaka katikati ya shamba. Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri. Mama akaita, nikaacha hapo hapo.

Jioni Bibi akaja, akagusa unyayo mmoja, akaondoa mkono haraka. Akageuka kurudi nyumbani. Mama ndiye aliyeninong'oneza: swala akila shambani, na nyayo zake za kurudi msituni zisionekane, basi hakuondoka. Amekuja kumchukua mwenye shamba.

Na za kurudi mimi sikupiga.

Kesho yake Bibi aligawa kanga zake. Kinu akampa mama. Ugali akausogeza pembeni. Jirani yetu Mama Neema, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alikuja kumpa pole ya msiba wake mwenyewe.

"Unaumwa wapi, mama?" akamuuliza.

"Siumwi. Nimeitwa."

Siku ya tatu hakuinuka. Nilikaa karibu na kitanda chake nikisikiliza pumzi, moja, nyingine, na kila ikichelewa nasogeza sikio. Nikisema, fimbo. Nisiposema, kaburi. Nikatafuta njia ya katikati, kama waongo wote.

Asubuhi ya nne, jua likichomoza, nikatoroka na ule mguu. Nikaanza kupiga nyayo za kurudi msituni, nimeinama, jasho linanitoka. Sikujua kwamba wazee wamepanga kumleta Bibi shambani asubuhi hiyo hiyo, wawamwagie mizimu maji ya unga, naye aliage shamba. Nilipoinua kichwa niliona miguu ya watu. Baba, mama, wazee watatu, na Bibi mgongoni kwa mjomba. Mama Neema yuko mbele ya wote.

"Kumbe swala wetu anavaa gauni," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bibi akaomba ashushwe. Akapapasa unyayo, na unaofuata, na unaofuata, mpaka akaufikia mkono wangu na kile nilichoshika. Akaukamata.

"Mguu wa kulia tu," akasema. "Swala wa mguu mmoja. Mtoto mdogo angegundua. Mimi niligusa mmoja, nikaogopa kugusa wa pili."

Sasa nimempita Bibi umri. Watu wa kwetu wakiletewa habari za kutisha, nawaona wakigusa unyayo mmoja na kuanza kugawa kanga. Siwacheki, maana najua wapo wanaopiga nyayo hizo, na wengine wao wanawapenda wale wanaowatisha. Mimi nilimpenda, na ilibaki kidogo nimuue.

Baba alikuwa ameshavunja fimbo ya kwanza kichakani. Bibi hakuniachia. Aliuinua mkono wangu juu na ule mguu ndani yake, wote wauone vizuri, kisha akamwambia mama, "Nipikie uji. Huyu atachapwa nikishashiba."