Siku Niliyomsimamisha Profesa Wangu

Kwetu Ndabibi, mtoto akitaka kuongea na kikundi, mzazi ndiye humsimamisha na kusema ni nani. Kwa hivyo kikundi chetu cha maziwa kilipokutana, nilisimama mimi, nikasema huyu ni binti yangu wa kwanza, ni profesa wa kompyuta. Wakapiga makofi. Hapo ningepaswa kuketi. Nikaongeza kwamba mwenye simu iliyokufa amletee, ataitengeneza bure.

Simu zikaanza kutoka mifukoni. Mzee mmoja akauliza kama redio pia inakubaliwa.

Binti yangu alikuwa amekuja kuomba kitu kimoja tu: pembe ya chumba cha kupozea maziwa, aweke mashine zake za utafiti azijaribu mwaka mzima. Alichagua kwetu kwa sababu stima hupotea ovyo. Alieleza vizuri, kwa upole, lakini nilikuwa nimeshamshusha. Mwenyekiti, mama tunayekaa naye benchi moja kanisani, akamwambia, "Asante, fundi wetu. Lakini hii chumba si ya kurepea vitu." Mikono ikainuliwa, wakakataa.

Binti yangu hakunikosoa. Aliketi akafungua simu moja baada ya nyingine, akitoa vumbi kwa mswaki.

Nyumbani nilimuuliza kwa ukali mbona hakusema mimi ndiye nimekosea.

"Nikukanushe mbele ya watu, Mama?"

Ndipo nikamuuliza kazi yake ni gani hasa. Miaka yote hiyo sikuwa nimeuliza. Nilijua cheo, na cheo nilikitangaza sana sokoni. Akanieleza tukimenya viazi. Kompyuta nyingi zinafanya kazi moja. Moja ikizimika ghafla, zingine ziendelee bila kitu kupotea, vile sisi hupika harusini, mmoja akiugua, sufuria haiungui. Hilo ndilo amelitafuta tangu amalize shule. Nilielewa kabla kiazi hakijaisha. Hiyo ndiyo aibu yangu: lilikuwa jambo la kueleweka.

Asubuhi nilienda kwa mwenyekiti nikamwambia mtoto wangu si fundi, mimi ndiye sikujua. Alinisikiliza vizuri. Akasema ile pembe wameshawaahidi watu wa chakula cha ng'ombe.

"Lakini mwambie simu yangu inalia vizuri sana, mama profesa."

Sikumwambia. Nilimkuta binti yangu akirudisha mashine kwenye gari, aende kutafuta mahali pengine. Nilimshikia mlango. Nikamwambia aendeshe polepole.