Ubao wa Mama

Juzi nilimwona mjukuu wangu akiandika kwa vidole juu ya kioo cha simu, na aibu ya zamani ikanirudia.

Mama alichuma kahawa kule Ruiru. Alasiri moja nilimkuta nyuma ya nyumba, mikono ikinuka maganda ya kahawa, akigongagonga ubao aliouandika herufi zote kwa makaa. Nilidhani amerukwa na akili, nikakimbia kuita majirani.

"Najifunza kupiga taipu," akawaambia. "Nitakuwa karani pale ofisini mwa shamba."

"Wewe, mchuma kahawa? Ngai, Mungu wangu!" jirani mmoja akasema.

Wakacheka. Nami nikacheka kuwashinda wote.

Mama hakunigombeza. Aliupasua ule ubao, akawashia nao moto wa chai. Chai ilikuwa tamu. Nikaomba kikombe cha pili.