Jaketi Chini ya Abaya

Bora mnisikie mimi mwenyewe, mashoga zangu, kabla hamjaonyeshwa ile video, maana imeshafika mpaka Hamriya kwa fundi wangu wa abaya, na juzi nilipokwenda kuchukua nguo kanitizama, akajikohoza, aibu ikanipanda mpaka masikioni. Na yote kayaleta wivu wangu, wala simsingizii shetani.

Ruqaya mnamjua (kama hamumjui, mna bahati). Ni binti ammi yake Said, mume wangu, na mama mkwe alikuwa akitaka Said amuoe yeye tokea wadogo, maana kwao binamu ndo wa mwanzo kufikiriwa. Said akanitaka mimi, mtu wa Al Amerat, nyuma ya majabali, asili yetu Tabora, bahari tumeijulia bandarini Matrah. Ruqaya mpaka leo hajaolewa, na mama mkwe kila akimtaja huvuta pumzi, "Ruqaya wangu," utadhani mimi nimeokotwa.

Basi joto lilipovunjika, ule wakati mtu anaweza kutoka nje bila ya kulaani, Ruqaya akatualika kwenye bwawa la Quriyat, kule baina ya majabali, tukaendeshe kayaki. Nikakataa. Kisha nikamsikia Said anacheka kwenye simu, "Ruqaya, una vituko wewe!" Nikauliza tunaondoka saa ngapi.

Nikavaa abaya mpya, ya shanga kifuani, nikaifukiza na udi (kwendea majini, eti!). Ruqaya kaja na nguo yake ya kuogelea ya heshima, mwili wote umefunikwa, akaingia kayakini, akapiga kafi mara mbili tatu, huyo yuko katikati. Mama mkwe kakaa mkekani na birika lake la kahawa anasema, "Mtizameni, mashallah, mkono mwepesi!" Na Said anatizama. Roho ikaniuma, jamani, siwafichi.

"Na mimi naingia," nikasema.

"Asya, wewe hujui," Said akanambia.

"Kuna nini cha kujua? Si kukaa tu?"

Bwana anayekodisha akanipa jaketi la kuelea, limechakaa, linanuka samaki. Nilivae juu ya shanga zangu, mbele ya Ruqaya? Thubutu! Nikenda nyuma ya gari, nikalivaa ndani, abaya nikaishusha juu yake, nikatoka kifua kimevimba kama njiwa. Yule bwana akauliza jaketi liko wapi, nikajigonga kifuani, du du du. Said akafungua mdomo, nikamkata jicho, akaufunga.

Mwanzo nilikwenda vizuri, wallahi. Kisha Ruqaya akapita, akampungia Said mkono, na Said akampungia, basi na mimi nikataka kumpungia, tena kwa mikono miwili ili anione zaidi, kafi likaniponyoka, nikaliinamia, kayaki ikapinduka, chubwi!

Jaketi likapanda juu, likaivuta na abaya, shanga zikanifika puani, mikono imenasa ndani, nikawa nazunguka kama kaimati kwenye mafuta. Ruqaya akaja mbio, anatafuta mkanda wa kunishika haupati.

"Asya, jaketi liko wapi?"

"Ndaaani!"

Watu ukingoni wote simu juu. Mara nikasikia kishindo, kumbe Said kajitosa na dishdasha lake, kanzu nzima, na kofia yake. Na Said hajui kuogelea! Mtu huyu akiosha gari huvaa viatu vya mpira! Akapiga hatua akiniita, "Asya! Asya!", ya pili hakuifika, kofia ikabaki inaelea peke yake. Ruqaya akaniacha mimi akamfuata yeye, na mimi, Mungu anisamehe, nazama nusu, mume wangu anazama mzima, nikapiga ukelele, "Mimi kwanza!"

Akatutoa sote. Mimi kaniburura kwa pindo la abaya, shanga zinapukutika njia nzima.

Mama mkwe akanifunika leso yake, akanimiminia kahawa, nikangoja kusutwa. Akamtizama Said anavyotapika maji, akanambia taratibu, "Mwanangu huyu hata mvua ikinyesha hapiti karibu na bonde la wadi. Leo kajitosa mzima mzima kwa ajili yako. Ruqaya nilimtaka mimi. Yeye kakutaka wewe. Sasa unataka nini tena?"

Nikalia, si kwa baridi. Nikamwendea Ruqaya, nikamshukuru, nikamwomba radhi, akanikumbatia huku anacheka, na nikaapa pale pale: wivu basi, na nikiingia tena majini jaketi litakaa juu, shanga zitajijua.

Tukarudi, Said anatetemeka kwenye usukani, maji yanamchuruzika, anatabasamu.

"Ruqaya kasema atatufundisha kuogelea," akanambia. "Sote wawili."

Kiapo changu hakijakauka hata maji.

"Mimi anifundishe," nikamwambia. "Wewe baki hivyo hivyo."