Walibadilisha Mchangani kwa Maweni, mama yangu akawa wa kwanza kuzikwa kwenye jiwe

Wakuu, salaam aleikum, na wa dini nyingine hamjambo.

Haya yamenikuta mimi, kwa mzazi wangu mwenyewe, na wallahi sitii chumvi. Nikiteleza nikatukana, mods mnisamehe. Kifua bado kimejaa.

Kwetu ni kusini huku, ukishapita Gazi hujafika Msambweni. Majina yetu hayana urembo. Mkwajuni pana mkwaju. Kisimani pana kisima, hata kama kimefukiwa. Wazee waliopaita hivyo walikuwa wanakwambia tu unaweka mguu wapi.

Makaburi yetu yalikuwa Mchangani, upande wa baharini, ardhi ya wakfu. Mchanga mtupu. Mtu akifariki alfajiri, vijana wanachukua majembe, na ikisaliwa adhuhuri anapelekwa kuzikwa.

Baba yangu yuko pale. Mama kila akienda kumzuru alionyesha kando yake kwa kidole. "Hapa pangu. Asinilalie mtu."

Basi akaja bwana mmoja, developer, na mradi wa nyumba za wageni. Akaitaka Mchangani, ile sehemu ambayo haijazikwa mtu. Badala yake akatoa ploti kubwa kuliko ile, ng'ambo ya barabara ya lami.

Na alijua kupamba! Ukuta, geti, chumba cha kuoshea maiti chenye maji ya mfereji. Akamwaga udongo mwekundu, akapanda nyasi. Getini akaweka bango: Rahma Gardens.

Jamani, pale ni Maweni!

Kila mtu huku anajua ni Maweni. Watu wamevunja kokoto pale tangu mimi sijazaliwa. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi amezaliwa jirani na pale, amekimbia pekupeku juu ya yale mawe. Lakini alipoona geti na nyasi, na yeye akaanza kusema "Gardens."

Wakakaa kikao wanaume watupu, wakakubali. Hakuna aliyepiga hata jembe moja ajaribu.

Nilipomweleza mama, alicheka. "Maweni? Maisha yangu yote nimelalia kitanda cha kamba, na huko nako nikalalie jiwe? Nipelekeni kwa baba yenu."

Nikamwambia aache maneno hayo, yeye ni mzima.

Mwezi uliopita akafariki. Innalillahi. Ilikuwa alfajiri, tukapanga azikwe baada ya adhuhuri. Sisi wanawake tukamwosha, tukamvisha sanda, tukafukiza udi. Kaka yangu Salimu akatangulia makaburini na vijana.

Adhuhuri ikaingia. Napiga simu, Salimu ananiambia bado.

Bado nini?

"Dada, udongo ni shibiri moja tu. Chini ni jiwe. Jembe la kwanza limevunjika mpini."

Wakatafuta sururu na mitaimbo. Alasiri ikaingia. Mama yangu yuko ndani, ameshafanywa kila kitu, joto la kwetu mnalijua, na watu ukumbini wameanza kunong'ona. Sisi maiti huharakishwa. Kumchelewesha ni kumdhalilisha, hata mtoto mdogo anajua.

Mwenyekiti akaja nyumbani kutupoza. "Tuvute subira, wanangu. Ni kadari ya Mungu."

Nikamjibu mbele za watu. "Shikamoo, mzee. Lakini hii si kadari. Hii ni Maweni, na jina ulilijua."

Shangazi akanifinya. Mwacheni anifinye. Yule mzee akavaa viatu vyake, akatoka.

Salimu alipoona jua linakwenda, akakimbilia Mchangani kuomba angalau mama azikwe kando ya baba, pale ubavuni palipobaki. Askari wa geti akasema haiwezekani, fensi imeshapita pale, na nyuma ya fensi wanachimba shimo la swimming pool.

Sikieni hilo, wakuu. Pale mama alipokuwa akionyesha kwa kidole, watu watakuja kuogelea.

Foreman wao, kijana wa bara, ndiye aliyetoka kumsikiliza. Nasema haki yake, huyo ana utu. "Pole sana bro, mimi hata sikujua hii story. Kuja twende na hii mashine, na jenereta pia."

Kwa hiyo kaburi la mama yangu lilichimbwa kwa mashine ya kuvunjia barabara. Mimi nilikuwa nyumbani, na upepo ulituletea ule mlio mpaka chumbani. Huku tunasoma Yasini, kule drrrr! Nililia kwa hasira, si kwa msiba peke yake.

Maghribi ilikuwa imekaribia alipotolewa. Wakamteremsha, wakapanga mbao juu yake. Ikafika zamu ya watu kutia konzi zao za udongo, na kilichokuwa pembeni mwa kaburi ni kokoto tupu. Ule udongo wa nyasi ulishapotelea humo.

Salimu akaikamata kokoto, akaiachia. Akasema yeye hampigi mama yake mawe.

Wote wakaziacha kokoto zao. Ni yule foreman tena aliyepiga simu saiti, na pikapu ikaja imejaa mchanga. Ule wa shimo la swimming pool.

Mama aliomba alazwe Mchangani, ikabidi Mchangani ibebwe kwa pikapu imfuate. Na kesho yake kamati ikatwambia tuandike ujumbe wa shukrani kwa developer. Kwa mchanga wetu!

Nilichojifunza ni hiki: mtu akija na jina jipya la mahali penu, chukueni jembe mpige palepale mbele yake. Na siku ya kikao waiteni na wanawake, maana na sisi tunakufa.

Mnaojua sheria za ardhi ya wakfu, nielezeni kama ile sehemu inarudi. Na wa kwingine, kwenu wamepaita jina gani na chini yake pana nini?

Wakati nawasubiri, Ijumaa baada ya swala nakwenda pale getini na kopo la rangi. Nitaandika MAWENI juu ya lile bango zima. Anayetaka kunizuia anajua pa kunikuta. Asiyetaka aje na ngazi, mimi ni mfupi.